Injini Iliyonyamazishwa

4 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku tupo, tunasukuma siku. Mimi na cherehani yangu bado tumeng'ang'ania baraza la duka la vitambaa, na chumba chetu ni kilekile cha nyuma ya duka. Mwenye duka amepaka rangi mlango wake, wetu ameuruka. Mama anakusalimu sana. Anasema, "Mwambie Kitinda kama ameshaota mvi asitufiche, nami nina zangu."

Nimeanza na salamu kwa sababu ndivyo mlivyonilea, lakini moyo wangu uko kwenye gari. Ile pikapu aliyotuachia marehemu baba inakata tamaa. Mjomba, unajua kwamba mama maji yanamjaa kifuani. Kila yakijaa lazima nimvushe mlima hadi hospitali wakayatoe kwa sindano. Daktari aliniita nje ya mlango akaniambia yasipotolewa yatamzamisha akiwa kitandani kwake. Kwenye basi hawezi kukaa, pumzi inakatika. Kwa hiyo natandika godoro nyuma ya pikapu, nafunga turubai juu, tunakwenda. Gari hili likilala, mama naye amelala.

Sasa linapiga kelele juu ya injini, ta-ta-ta-ta, kama cherehani iliyokosa mafuta, na mlimani linataka kurudi kinyumenyume. Fundi wetu wa zamani amehama. Huyu aliyebaki anataka nimwachie gari wiki nzima, na wa mwisho kumwachia alilikuta halina taa wala betri.

Piga simu dukani, namba unayo. Waya wa simu unafika hadi dirishani, nitaliwasha gari hapo nje ulisikie mwenyewe. Wewe si ndiye uliyekuwa unataja ugonjwa wa gari ukiwa umelala ndani, lenyewe linapita tu barabarani?

Mpwa wako

25 Februari

Mpwa wangu Sindano,

Marahaba. Mvi ninazo, mwambie dada, tena zimeanzia kidevuni kama za beberu. Hapa machimboni mashine za kuponda mawe zinanguruma kutwa, vumbi tunalila asubuhi, mchana na jioni. Namshukuru Mungu mwili unasimama.

Habari za simu tuachane nazo, za huku ni za shida. Wewe andika. Andika kila unachokisikia kama ulivyoandika hiyo ta-ta-ta. Nimeisoma mara nyingi.

Hiyo ni valvu. Kila silinda ina milango miwili midogo, mmoja wa kuingiza hewa na mafuta, mwingine wa kutolea moshi. Kila mlango unasukumwa na kipande cha chuma kinachoitwa roka, na kati ya roka na valvu lazima kuwe na upenyo mdogo sana. Chuma kikisagika upenyo unakua, roka inagonga, valvu haifunguki vya kutosha, nguvu inapotea. Dawa yake ni kupima upya. Utapima wewe.

Usicheke. Anayeweza kushona tundu la kifungo anaweza kupima valvu. Fanya asubuhi injini ikiwa imelala baridi, maana ikiwa ya moto vipimo vyote ni uongo. Toa plagi zote ili isikupinge. Fungua mfuniko wa juu kwa adabu, gasketi yake, ule utepe wa kuzuia mafuta yasivuje, usiichane. Tia spana kwenye nati ya puli ile kubwa ya mbele, zungusha taratibu huku ukitazama roka. Silinda ambayo roka zake mbili zimelegea pamoja, ukizitikisa kwa vidole zinacheza, hiyo ndiyo ya kuanza nayo. Nusu mzunguko wa puli unakuletea nyingine.

Kwenye kopo la zana la baba yako kuna fila, vile vipande vyembamba vya chuma vilivyofungwa pamoja. Nimekuandikia nyuma ya karatasi hii kipi ni cha valvu ya hewa na kipi cha valvu ya moshi. Kipenyeze kati ya roka na valvu. Kipite, lakini kikushike kidogo, vile kitambaa kinavyokushika ukivuta uzi wa bandi. Kikikataa legeza skrubu, kikipwaya kaza. Halafu shikilia skrubu kwa bisibisi ufunge nati yake, na upime tena, maana nati ikifungwa inapenda kuondoka na kipimo chako.

Kuja siwezi kwa sasa, ruhusa hawatoi. Msalimu dada, mwambie ale.

Mjomba wako

19 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo nyingi. Tuko salama, mvua zimegoma, mwenye duka naye amegoma kuziba bati letu kwa sababu mvua zimegoma.

Nimepima valvu! Nilianza kabla jua halijapanda, suruali ya marehemu baba nimeifunga kwa kamba. Muuza mkaa alisimama akatazama mwanamke aliyeingiza kichwa chote ndani ya boneti, akauliza kama natafuta mume humo. Nikamwambia humo kuna moto, wanaume hawakai. Ile fila iliponishika kwa mara ya kwanza nililia, usiniulize kwa nini. Nilipowasha, gari likaitika, na mlima tukaupanda bila kusali. Wakamtoa mama maji, akarudi anaongea, akaniambia nimenyoa nyusi vibaya.

Ila kelele haikuisha. Ilibaki tiki-tiki-tiki nyembamba. Mimi ningeishi nayo, mama hakuweza. Kila tiki, anasema, inampiga mbavuni palepale wanapochoma sindano. Alikuwa analala nyuma kwenye godoro ameuma kanga njia nzima ili nisimsikie. Nilimwona kwenye kioo. Basi Jumapili nikafungua tena. Fila nikaiacha koponi. Nikakaza kila skrubu kwa mkono, kidogo kidogo, mpaka hakuna roka iliyocheza. Nikawasha. Kimya, mjomba, ungedhani limezimwa. Safari iliyofuata mama alilala usingizi kwenda na kurudi, na tangu augue alikuwa hajawahi kulala ndani ya gari. Najivuna, niache nijivune.

Jambo la pili ni zito kidogo. Mama anataka sauti yako. Anasema barua zinasomwa kwa sauti yangu, amechoka na sauti yangu. Nikapiga simu ofisini kwenu machimboni. Karani akaenda kukuita, akarudi akasema umetikisa kichwa ukaendelea na kazi. Nilimwambia mama simu haikupatikana. Jioni akaniuliza, "Nimemkosea nini Kitinda?" Nimjibu nini?

Mpwa wako

8 Aprili

Sindano,

Salamu nitaziandika mwisho. Usiliwashe gari. Fungua mfuniko leoleo, injini ikiwa baridi, rudisha vipimo vyote kwa fila kama nilivyokuandikia.

Ile tiki-tiki ndiyo iliyokuwa afya yake. Valvu ikipata moto inarefuka, na upenyo ule ni nafasi yake ya kurefukia. Umeuziba. Sasa mlango haufungi sawasawa, moto unachungulia ukingoni na kuula, hasa valvu ya moshi. Gari litakwenda vizuri, litanyamaza vizuri, halafu litakufa mahali pabaya bila kukuonya. Valvu yenye kelele kidogo inadumu miaka. Nilidhani ni jambo ambalo kila mtu analijua, kumbe wanalijua wanaoshinda gerejini tu.

Sikulaumu. Ningemwona dada ameuma kanga, hata mimi ningekaza.

Habari ya simu, mwambie hajanikosea kitu hata punje. Karani alifananisha mtu. Tusiirudie habari hii, nakuomba.

Salamu ziwafikie wote. Andika upesi, niambie umelegeza.

Mjomba wako

30 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Ya huku si mazuri, na sina nguvu ya kuyapamba.

Barua yako ilinikuta gari limekwisha kufa. Lilikufa katikati ya mlima, mchana, mama yuko nyuma na maji yamemjaa mpaka midomo imebadilika rangi. Lilianza kutetemeka, likapiga chafya, likakata. Nilifungua boneti nikalitazama kama mjinga. Malori yalipita yakatupigia honi tuyapishe. Dereva mmoja alisimama, akatoa plagi, akatia kidole kwenye tundu huku mimi nikizungusha. Silinda tatu zilimsukuma kidole. Ya nne haikumsukuma kabisa. Akafungua mfuniko, akajaribu kutikisa roka, akasema, "Dada, valvu yako ya moshi imeungua. Nani aliyekaza hivi?" Nikasema fundi.

Alikuwa anakwenda upande mwingine, hakuweza kutubeba. Tulirudi nyumbani kwa mteremko, na pale mteremko ulipoisha watu wakasukuma. Hospitali hatukufika siku ile. Juzi mwenye teksi mmoja alikubali kutupeleka, tukafika, wakatoa maji kidogo tu, wakasema tumechelewa na yameanza kuganda. Mama alimtapikia kiti mwenye teksi, naye amesema hatarudi. Valvu haipatikani hapa, nimezunguka maduka yote ya vipuri. Wananiambia gari hili la zamani mno, nilitie maua.

Mama halalamiki tena. Nikimuuliza anasema hajambo. Sipendi hiyo hajambo yake.

Sasa nakuambia lililo moyoni. Ungepiga simu siku moja tu, ungesikia gari limenyamaza, ungenipigia kelele siku ileile, na leo tungekuwa tunapanda mlima. Nilikuomba tangu barua ya kwanza. Na karani hakufananisha mtu, alinitajia mpaka kovu lako la kidevuni. Nimempigia tena wiki hii, akaniambia hupo, akakata. Unamkimbia nani? Mimi nakasirika, nitapoa. Mama hakasiriki, anasubiri. Kila simu ya dukani ikilia anainua kichwa kwenye mto.

Hataki kitu kingine, mjomba. Hataki uje na zawadi. Anataka akusikie tu.

Mpwa wako

16 Mei

Mjomba,

Mama amefariki jana alfajiri. Alikuwa amekaa, nimemwegemeza kifuani kwangu, kwa sababu kulala kulimshinda. Nilikuwa nahesabu pumzi zake kisha nikagundua nahesabu zangu.

Nilikutumia simu ya maandishi saa ileile posta ilipofunguliwa. Leo imerudi. Wanasema hufanyi kazi machimboni tena, na hawajui ulipo. Basi naituma barua hii kwa sanduku lako la posta, maana barua zako zote zimetoka huko. Tunamzika leo mchana. Siwezi kukusubiri, sijui nakusubiria wapi.

Mpwa wako

18 Mei

Mpwa wangu Sindano,

Barua yako ya mlimani imenifikia leo. Nimeisoma nimesimama posta, nikaisoma tena nimekaa ukingoni mwa mtaro. Kila ulichoniambia nakistahili. Sasa nikwambie nisichokwambia, na umsomee dada, usiruke mstari.

Mimi sisikii. Nimekuwa kiziwi. Mashine za mawe zilianza kula masikio polepole, kwanza nikawa nawaambia watu warudie, halafu nikawa nacheka wakicheka. Tangu mwaka uanze sisikii kitu kabisa. Nilikuwa natambua injini kwa kushika bisibisi kwenye bloku ya injini na kuiegemeza tayani, mpaka meneja akaniona siku moja lori linanirudia nyuma kwa honi nami nimeinama. Mwezi wa nne waliniondoa. Nalala kwenye stoo ya rafiki anayeziba matairi, namsaidia, hahitaji niongee.

Karani aliponiita, niliona midomo yake ikisema simu. Ningeshika ule mkono wa simu nikafanye nini? Dada aseme hujambo, mimi niseme eeh kwa kubahatisha, naye aniulize jambo, mimi nicheke? Angejua papo hapo. Alinibeba mgongoni huyu, mama yetu alipokufa. Nilisema nikipona masikio nitampigia. Nilisema hivyo kila wiki, na daktari alikwisha kuniambia hayaponi.

Ndiyo maana nilikuambia uandike. Hiyo ta-ta-ta yako ndiyo sauti pekee ya injini niliyoisikia mwaka huu.

Leo nimesoma mwisho wa barua yako nikajipiga kofi hapohapo, watu wakageuka. Dada hataki nimsikie. Anataka yeye anisikie. Na mdomo ninao! Miezi yote hii mdomo ninao, Sindano, nimeufunga kwa sababu ya masikio.

Basi sikiliza. Jumamosi, tarehe mosi Juni, saa nne asubuhi, nitapiga simu dukani kutoka posta. Karani wa posta atanigusa bega ikishapokelewa. Vuta waya mpaka chumbani, mshikie dada simu sikioni. Nitaongea, halafu nitanyamaza kidogo ili ajibu, halafu nitaongea tena. Ajibu kama kawaida, atakavyo, hata akinitukana. Wewe weka moyoni anachosema, utanipa nikifika.

Maana nakuja. Valvu nimeipata kwenye injini iliyotupwa nyuma ya gereji moja, ni ya gari lilelile, naisaga kila jioni ikae vizuri. Nikishaongea naye, Jumatatu napanda basi, Jumatano mchana niko kwenu. Nitaifunga mwenyewe na dada nitamvusha mlima mwenyewe, wewe utakaa mbele.

Mwambie asubiri kidogo tu.

Mjomba wako

1 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako ilifika juzi. Niliisoma, nikaenda kuisoma tena kaburini kwa sauti, kwa sababu ulisema nisiruke mstari.

Nilitafuta njia ya kukuzuia usipige, sikuiona. Mziba matairi nisiyemjua jina, posta nisiyoijua namba ya simu. Barua yangu ya msiba iko njiani, na simu ya maandishi ingelala kwenye sanduku lako pamoja nayo. Saa tatu na nusu nilikuwa nimeshakaa karibu na simu. Mwenye duka alisema tuuache tu mkono wa simu chini, isilie. Sikuweza kukubali, ungedhani mama amekataa.

Ikalia. Nikapokea. Mjomba, unaongea kwa sauti kubwa sana siku hizi, wateja wote waliacha vitambaa wakageuka. "Dada! Ni mimi, Kitinda! Niko hapa!" Ukanyamaza, ukampa nafasi. Nikasema, mjomba, mama amefariki. Nikalisema tena kwa nguvu, nikalipiga kelele, kana kwamba tatizo ni simu. Ukasema, "Najua umekasirika. Una haki dada, kasirika tu."

Halafu ukamweleza yote, masikio, machimbo, stoo. Ukamkumbusha alivyokubeba mgongoni ukamkojolea, ukacheka peke yako, na muuza mkaa aliyekuja kununua uzi akacheka pia kisha akafunika mdomo. Ukamwambia umepata valvu. Ukamwambia mlima utaupanda naye polepole, gia ya kwanza, asiogope. Ukanyamaza tena. Mimi nilikuwa nalia tu kwenye simu. Ukasema, "Usilie, dada." Sijui ulijuaje.

Ukanyamaza mara ya tatu, kwa muda mrefu kuliko zote, mpaka nikadhani imekatika. Kisha ukasema, "Haya. Nimekusikia. Jumatano." Ukakata.

Hakuna ninachokuwekea moyoni, mjomba, hakuna alichojibu. Na kukuambia kwa mdomo siwezi, utasimama mbele yangu ukitazama midomo yangu na ukikisia, na najua utakisia mazuri kwanza. Kwa hiyo barua hii siipeleki posta. Jumatano nitakuwa stendi tangu asubuhi, nimeishika mkononi. Ukishuka usinisalimie. Weka chini hiyo valvu, uichukue barua, uisome.

Mpwa wako